Kipawa bila hamu ni taa bila mafuta

Kuna swali ambalo madaktari wa Thika na Ruiru huulizwa mara kwa mara, na jibu lake halimo katika vitabu vya dawa. Mzazi huleta mtoto mwenye kikohozi. Mtoto hupimwa, dawa huandikwa, na mzazi akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango hugeuka na kusema: "Daktari, kuna jambo jingine. Huyu kutwa ni kuchora. Daftari la hesabu limejaa picha za matatu. Kichwa chake kiko sawa kweli?" Kesho yake huja mzazi mwingine na malalamiko ya kinyume. Yeye amemnunulia mwanawe kinanda, akamlipia mwalimu wa muziki, akamwahidi baiskeli akijua nyimbo kumi, na sasa kinanda kimekuwa meza ya kuwekea nguo.

Wazazi hawa wawili hawajuani, lakini wanauliza jambo moja: ni kitu gani kinachomfanya binadamu abuni kitu kipya na kukifikisha mwisho? Wengi wetu tuna jibu tayari. Tunasema ni kipawa. Fulani kazaliwa nacho, fulani kanyimwa, basi.

Jibu hilo ni rahisi mno. Kipawa kipo, sikatai, na kila mwalimu wa chekechea anaweza kukuonyesha mtoto aliyekuja nacho kutoka nyumbani. Lakini ukichunguza maisha ya watu waliobuni vitu vya maana utakuta mambo mawili mengine yakifanya kazi kubwa: hamu inayomsukuma mtu kutoka ndani, na hulka yake, yaani jinsi alivyo kitabia. Yote mawili yanahusu afya. Hamu inaweza kuuawa na malezi, na inaweza pia kuuawa na ugonjwa, wakati jirani na jamaa wakidhani ni uvivu tu.

Karatasi za chooni

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwendo mfupi kutoka Ruiru, kwenye mpaka wa Nairobi na Kiambu, liko gereza la Kamiti. Wasafiri wengi wa barabara ya Thika hulifahamu kwa jina tu, na jina lenyewe huwatisha. Wachache hujua kwamba nyuma ya kuta zake ziliandikwa baadhi ya kazi za fasihi zinazoheshimiwa sana katika nchi yetu.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka wa 1946. Mwaka wa 1968 aliandika kijitabu cha siasa, Kenya: Twendapi?, akiikosoa serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, na mwaka uliofuata akafungwa. Alikaa jela miaka mitatu, hadi 1972, na sehemu ya kifungo hicho aliitumikia Kamiti. Alifungiwa peke yake. Hakuruhusiwa kuandika. Hata hivyo alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mwaka wa 1973 mashairi hayo yalitoka katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na mwaka wa 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Miaka michache baadaye, tarehe 31 Desemba 1977, polisi walimkamata Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake Limuru. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda, alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ulikuwa umepigwa marufuku. Alipelekwa Kamiti bila kushtakiwa mahakamani, akapewa nambari K6,77, akakaa humo karibu mwaka mzima. Humo ndimo alimoandika Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya yake ya kwanza kwa lugha ya Kikuyu, naye pia akitumia karatasi za chooni. Askari jela waliivumbua kazi hiyo na kuichukua, kisha baada ya muda akarudishiwa. Aliachiliwa Desemba 1978, na kitabu kikachapishwa mwaka wa 1980. Ngũgĩ alifariki Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 87.

Sasa tuwatazame watu hawa wawili kwa jicho la daktari. Kufungiwa peke yako ni adhabu inayoumiza ubongo. Usingizi huvurugika, mawazo hurukaruka, huzuni na hofu huingia. Chakula ni duni. Hakuna mhariri anayesubiri, hakuna ada ya kazi, hakuna mwalimu wa kutoa alama. Kila ukurasa unaoandikwa unaweza kumwongezea mwandishi adhabu. Ikiwa ubunifu unaletwa na malipo, sifa na starehe, basi Kamiti isingetoa hata beti moja. Waswahili walisema zamani kwamba kipenda roho hula nyama mbichi.

Lakini tusije tukafikiri kwamba dhiki ndiyo inayozaa fasihi, na kwamba ukitaka mtoto awe mshairi umnyime chakula. Maelfu ya watu wamepitia magereza yetu na wakatoka wamevunjika, bila shairi wala hadithi. Hawa wawili waliingia wakiwa tayari na ufundi. Abdilatif alikulia katika ukoo wa washairi. Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita, ni nduguye. Ngũgĩ alikuwa ameshachapisha riwaya nne. Ufundi ulikuwapo. Gereza liliondoa kila kichocheo cha nje, na ndipo ikaonekana wazi ni kitu gani kilichobaki kinafanya kazi.

Baiskeli inayoua muziki

Wataalamu wa saikolojia wamejaribu kukipima kitu hicho kwa njia isiyohitaji kumfunga mtu. Mwaka wa 1985 Mmarekani Teresa Amabile alichapisha jaribio dogo ambalo bado linanukuliwa hadi leo. Alichukua waandishi 72, akamwomba kila mmoja aandike shairi fupi. Kisha akawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipewa orodha ya sababu za nje za kuandika, kama vile kusifiwa, kupata kazi nzuri na kupata pesa, wazipange kwa umuhimu. Fungu la pili lilipewa orodha ya sababu za ndani, kama vile raha ya kucheza na maneno. Fungu la tatu halikupewa orodha yoyote. Baada ya hapo wote wakaandika shairi la pili. Washairi 12 waliyasoma mashairi hayo na kuyapa alama bila kujua nani alikuwa fungu gani. Wale waliofikirishwa kuhusu pesa na sifa waliandika mashairi yaliyopungua ubunifu kuliko ya wenzao.

Angalia jambo hili vizuri, msomaji. Hakuna aliyelipwa hata senti na hakuna aliyetishwa. Waliwaza tu sababu za nje kwa dakika chache, na shairi likapoa.

Jaribio jingine, la mwaka wa 1973, lilifanyiwa watoto wa chekechea huko California, Marekani. Wote walikuwa watoto waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe iwapo wangechora. Wengine walichora bila kuahidiwa kitu, kisha wakapewa cheti hicho hicho kwa ghafla. Wengine hawakupewa chochote. Wiki moja au mbili baadaye kalamu za rangi ziliwekwa tena darasani, na kila mtoto akaachwa acheze atakavyo. Watoto walioahidiwa cheti walitumia kalamu hizo kwa muda wa karibu nusu ya wenzao. Waliopewa cheti kwa ghafla hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo cheti chenyewe hakikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa ule mkataba uliotangulia: chora ndipo upewe. Mtoto huanza kuwaza kwamba kama kuchora kunahitaji malipo, basi kuchora ni kazi, na kazi isipolipwa huachwa.

Hapa ndipo inapoingia ile baiskeli ya nyimbo kumi. Mzazi yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akimpenda mtoto wake kwa njia aliyoijua, na pengine yeye mwenyewe hakuwahi kugusa kinanda utotoni. Lakini alikuwa amenunua utii, na utii ukiisha muda wake kinanda hufunikwa shuka. Kama mtoto anapenda ngoma kuliko kinanda, mwache na ngoma kwanza. Masikio yako yataumia, hilo halina tiba ya haraka. Mpe vifaa, mpe nafasi, kaa karibu, muulize amechora nini na kwa nini gurudumu ni kubwa kuliko nyumba. Ukitaka kumpa zawadi, mpe siku ambayo hakuitarajia. Na yule anayechora matatu kwenye daftari la hesabu anahitaji daftari la pili. La hesabu libaki la hesabu. Kumchapa hakutamfanya apende kugawanya. Kutamfundisha tu kuficha alichokipenda.

Wengi wenu mliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka wa 1985, mtakumbuka kwamba sanaa na muziki ndizo zilizokuwa za kwanza kutolewa kwenye ratiba mtihani wa KCPE ulipokaribia. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023. Mfumo wa umilisi uliochukua nafasi yake unasema unatambua vipaji. Mimi nimeona wazazi wakikesha wakikamilisha kazi za mikono za watoto wao kwa gundi na maboksi ili mtoto apate alama nzuri, na hapo sijui ni kipaji cha nani kinachopimwa.

Hata hivyo mtu asitumie maneno haya kumdhulumu msanii. Nimewasikia wenye hafla wakimwambia mwanamuziki, "Wewe si unaimba kwa sababu unapenda? Basi malipo ya nini?" Huo ni ujanja. Mwanamuziki ana kodi ya nyumba Makongeni kama mtu mwingine yeyote. Pesa zinazompa mtu muda na utulivu wa kufanya kazi yake haziui hamu. Kinachodhuru ni pesa zinazotumiwa kama hatamu, za kumvuta mtu kushoto na kulia hadi asahau alikuwa akienda wapi.

Mtu mgumu kuishi naye

Kuhusu hulka, utafiti ni mwingi. Mwaka wa 1998 Gregory Feist, mtaalamu wa Marekani, alikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu wasanii na wanasayansi na kuzilinganisha. Aligundua kwamba watu wabunifu, kwa wastani, wana moyo ulio wazi kupokea mambo mapya, hawafungwi sana na desturi, wanajiamini na wana hima kubwa. Hayo ni mazuri. Lakini orodha iliendelea: huwa pia wakali, wenye kutaka kutawala, na wenye kutenda kabla ya kufikiri. Wasanii hasa walionekana kuwa na ulegevu katika mambo ya mpangilio. Kwa maneno mengine, ni watu ambao mke, mume na mwajiri wanaweza kuwalalamikia kwa haki kabisa.

Je, hulka huzaliwa au hufundishwa? Tafiti za watoto pacha zinaonyesha kwamba tofauti za hulka kati yetu hutokana na urithi kwa karibu nusu. Nusu iliyobaki ni maisha. Na hulka haigandi kama saruji mtu anapofika miaka 18. Huendelea kubadilika polepole hata uzeeni. Kwa hiyo anayekuambia "mimi nimeumbwa hivi" anasema ukweli nusu.

Ni kosa pia kudhani kwamba ubunifu ni mali ya washairi na wachoraji peke yao. Ukifika Ruiru, uliza kituo cha utafiti wa kahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa kuoza kwa matunda, ule wakulima wanaouita CBD, uliharibu vibaya mavuno ya kahawa ya Kenya. Mkulima alilazimika kupuliza dawa mara nyingi kwa msimu, na dawa zilikuwa ghali. Mwaka wa 1971 ulianzishwa mpango wa kuzalisha kahawa inayoweza kuustahimili ugonjwa huo. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo walikuwa Mholanzi Herbert van der Vossen na Mkenya D. J. Walyaro. Kahawa mpya, Ruiru 11, ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985.

Hesabu mwenyewe: ni miaka 14. Mti wa kahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo mtafiti akikosea katika kuchanganya mbegu hulijua kosa lake baada ya miaka. Ruiru 11 ni mahuluti, na mbegu zake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Ili mtu adumu katika kazi hiyo anahitaji hulka ya aina mbili zinazogombana. Anahitaji akili ya kuwaza jambo ambalo halijakuwapo, yaani mti mfupi, unaozaa mapema na kustahimili CBD pamoja na kutu ya majani. Anahitaji pia subira ya kuandika vipimo vya miti ile ile kila msimu. Wanywaji wengine walidai ladha ya Ruiru 11 haifikii ya SL28 ya zamani, na watafiti hawakukaa kimya. Mwaka wa 2010 wakatoa aina nyingine, Batian. Naona ubunifu hapo sawa na ule wa mwenye kutunga riwaya, ingawa hakuna anayewaombea watafiti wa kahawa saini za kumbukumbu.

Na barabarani nako? Panda matatu ya 237 ya Thika au 145 ya Ruiru, utazame michoro. Kanuni za mwaka wa 2004, zile zilizoitwa za Michuki, zililazimisha matatu kuwa na mstari wa manjano na kuacha mapambo. Ufundi haukufa. Mwishoni mwa mwaka wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba michoro iruhusiwe tena, mikono ilikuwapo. Wachoraji hawa hulipwa, na wanapenda kulipwa, lakini jaribu kuwaambia wachore ua moja tu kwenye kila gari na uone watakavyokukimbia.

Hamu ikipotea ghafla

Hadi hapa nimesema juu ya wenye afya. Sasa nije kwenye jambo linalonihangaisha zaidi kliniki.

Hamu hutengenezwa mwilini. Katika ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, ambayo kazi yake mojawapo ni kumfanya mtu atake kitu na kukifuata. Tunalijua jambo hili kwa sehemu kutokana na wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Wanapopewa dawa za kuongeza nguvu ya dopamini, baadhi yao huanza kuchora au kuandika kwa shauku ingawa hawakuwahi kufanya hivyo maishani. Dawa hizo hizo zimewafanya wengine wacheze kamari hadi wakamaliza akiba. Hamu ni moto. Hupika na huunguza.

Basi mtu aliyekuwa akishona, akiimba, akiandika au akitengeneza vitu vya jua kali kwa furaha, kisha akaacha, usimwite mvivu kabla hajapimwa. Upungufu wa damu humchosha mtu hadi hawezi kuwaza, na wanawake wenye hedhi nzito huishi nao miaka mingi wakidhani ndiyo hali yao. Tezi ya thairoidi ya shingoni ikilegea, mtu huhisi baridi, hunenepa, ngozi hukauka, na mawazo huwa mazito kama uji. Kisukari kisichotibiwa humchosha mtu vile vile. Kuna pia kukoroma kwa nguvu ambako pumzi hukatika usiku mara nyingi, mgonjwa akaamka asubuhi kama aliyekuwa akibeba mawe.

Usingizi ni tatizo kubwa la watu wa mkoa huu. Mtu anaondoka Thika saa kumi na moja alfajiri ili awahi Nairobi, anarudi saa tatu usiku, kisha analalamika kwamba siku hizi hapati wazo la maana. Wengine wako zamu za usiku viwandani. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, na mtoto wa shule ya msingi saa tisa au zaidi. Mtoto anayeamshwa saa kumi kwenda kungoja basi la shule hana deni la bidii. Ana deni la usingizi. Miraa na muguka haviondoi deni hilo. Huficha tu ankara.

Halafu kuna ugonjwa wa huzuni, ambao wataalamu huuita sonona. Dalili yake kuu mojawapo ni hii hii tunayoizungumza: mtu hupoteza raha katika mambo aliyoyapenda. Gitaa linaning'inia ukutani, halimvutii. Kama hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, kukosa hamu ya chakula, kujilaumu kupita kiasi au kuwaza kifo, huo ni ugonjwa na una matibabu. Nenda hospitali ya karibu nawe na useme wazi, usijifiche nyuma ya "kichwa kinauma". Anayewaza kujiua asingoje wiki mbili wala siku mbili. Apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Wazimu na chupa

Hapa wasanii wengi hunipinga. Husema kwamba msanii lazima awe na wazimu kidogo, na kwamba bila chupa hakuna wimbo.

Tuchukue wazimu kwanza. Mwaka wa 1987 Nancy Andreasen wa Marekani aliwachunguza waandishi 30 na kukuta kwamba 80 kati ya kila 100 walikuwa wamewahi kuugua ugonjwa wa hisia, wakati kwa watu wengine aliowalinganisha nao walikuwa 30 kati ya 100. Habari hiyo ilienea duniani kote. Lakini waandishi 30 ni wachache. Baadaye Simon Kyaga na wenzake huko Uswidi walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni moja. Waliona kwamba wenye kazi za ubunifu, kwa jumla, hawaugui magonjwa ya akili kuliko watu wengine, isipokuwa ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ambapo mtu hukaa siku nyingi akiwa na nguvu za ajabu bila usingizi, kisha huporomoka katika huzuni. Waandishi peke yao walikuwa katika hatari zaidi. Jambo lililonivutia ni kwamba jamaa wa karibu wa wagonjwa, ndugu na watoto ambao wao wenyewe ni wazima, walionekana kwa wingi katika kazi za ubunifu. Yaelekea ule urithi wa kuona mambo kwa njia tofauti unafaa ukiwa kidogo, na unavunja ukiwa mwingi.

Kuhusu chupa nitakuwa mfupi. Pombe huondoa haya, ndiyo maana wimbo huonekana mtamu saa sita usiku. Usikilize asubuhi. Pombe huvunja usingizi, huzidisha huzuni, na kwa miaka mingi hudhoofisha kumbukumbu, ghala ambalo mtunzi huchota maneno yake. Abdilatif na Ngũgĩ walipoandika Kamiti hawakuwa na hata chupa moja.

Liko kundi la wasomaji ambalo nataka kulizungumzia mahususi: wale ambao tayari wameambiwa wana ugonjwa huo wa hisia kupanda na kushuka, wakaandikiwa lithiamu, na wakaacha kuimeza kwa kuhofia kwamba itaua kipawa chao. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Mwaka wa 1979 daktari Mogens Schou wa Denmark aliwauliza wasanii 24 waliokuwa wakitumia dawa hiyo. Kumi na wawili walisema kazi yao imeongezeka, sita walisema haikubadilika, na sita walisema imepungua. Hao sita wa mwisho wapo, na hakuna haja ya kuwaambia wanasingizia. Lakini watatu kati ya kila wanne hawakupoteza kitu, na nusu ya wote walipata, kwa sababu mtu aliyelazwa hospitalini au aliyekesha wiki nzima akianzisha mambo ishirini hamalizi hata moja.

Basi ukihisi dawa imekutia uzito wa mawazo, usiiache kwa ghafla, maana ugonjwa hurudi kwa nguvu. Rudi kwa daktari aliyekuandikia na umweleze kazi yako: unachora, unatunga, unahitaji kuwaza vizuri saa ngapi. Dozi inaweza kupunguzwa kidogo chini ya uangalizi, au dawa ikabadilishwa. Damu ipimwe kila baada ya miezi michache kuangalia kiasi cha lithiamu, na vile vile figo na thairoidi, ambayo ikilegea huleta ule uzito wa mawazo nilioutaja juu na lawama ikaiendea dawa bure. Kunywa maji ya kutosha, hasa ukiharisha au kukiwa na joto kali. Na kabla ya kununua tembe za maumivu kama ibuprofen, mwambie mfamasia kwamba unatumia lithiamu, kwa sababu tembe hizo zinaweza kuipandisha katika damu hadi ikawa sumu.